Mvua imerudi, shamba bado: jinsi udongo unavyoinuka baada ya ukame

Mvua ya kwanza ikishanyesha, habari huenea upesi kwamba ukame umekwisha. Majirani wanapongezana, na kesho yake alfajiri majembe yako shambani. Wiki tatu baadaye ndipo maswali yanapoanza. Mvua imenyesha vizuri, mbona mbegu zimeota kwa madoadoa? Mbona maji yalipita juu na chini kukabaki kukavu? Mbona kisima bado kinashuka? Na mbona mashamba mawili yanayopakana, yaliyopata mvua ileile, moja limestawi na jingine limejaa vipara?

Mkanganyiko huu unaanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema "ukame" kwa mambo matatu ambayo hayaanzi siku moja wala hayaishi siku moja.

Ukame wa kwanza ni wa angani: mvua imepungua kuliko kawaida ya mahali hapo. Huu ndio unaotangazwa, na ndio unaoisha mapema. Wa pili ni wa udongo: kina kinachofikiwa na mizizi hakina maji ya kuutosha mmea. Wa tatu ni wa mito, mabwawa na maji ya chini ya ardhi. Chukulia ndoo, pipa na tangi vimepangwa ngazi kwa ngazi, kila kimoja kikimwagikia kilicho chini yake. Ndoo isipojaa, pipa halipati kitu. Pipa lisipofurika, tangi halionji. Ndiyo maana kisima kinaweza kuendelea kushuka wiki kadhaa baada ya mvua kuanza. Udongo uliokauka unakunywa kwanza hadi utosheke, na kinachoteremka chini zaidi ni salio. Maji ya chini huchukua miezi kurudi, na mahali pengine miaka.

Makala hii inashughulika na ukame wa pili, ule wa udongo, kwa sababu huo ndio mkono wa mkulima unaufikia. Na hapo kuna matumaini ya kweli, ya kupimika. Udongo uliokauka mara chache huwa umekufa. Mara nyingi umefunga mlango tu, na mlango huo unafunguka ukijua umefungwa na nini.

Hesabu ya maji kwanza

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hekta nzima ni lita 10,000. Mvua ya milimita 25, ile inayowafanya watu watoke nje kushangilia, inamwaga lita 250,000 kwenye hekta moja.

Zinaonekana nyingi mpaka uzifuate chini. Kwenye udongo mkavu, milimita 25 zikiingia zote bila kupotea tone, zinalowanisha takriban sentimita 30 za kichanga, sentimita 15 hadi 20 za tifutifu, na sentimita 10 hadi 12 tu za mfinyanzi. Mizizi ya mahindi inataka kwenda mita moja na zaidi. Mita moja ya udongo wa tifutifu ikijaa inashika maji yanayotumika na mmea kiasi cha milimita 150 hadi 200. Kichanga hushika chini ya 100. Kwa hiyo tifutifu lililokaukiwa kabisa linahitaji mvua sita hadi nane za namna ile ndipo lijae, tena kama hakuna kinachotiririka wala kuvukizwa na jua.

Sasa sema nusu ya maji inakimbia juu ya ardhi kuelekea korongoni. Mvua zinazohitajika zinakuwa mara mbili. Mashamba mawili yanayopakana yanatofautiana hapo: mawingu ni yaleyale, lakini moja linapokea na jingine linakataa. Ndiyo sababu swali la maana baada ya ukame ni kiasi gani kimeingia. Kiasi kilichonyesha ni nusu ya habari.

Mlango umefungwa na nini?

Sababu ya kawaida ni gamba. Udongo ukiwa mtupu, tone la mvua hushuka kama nyundo ndogo. Linavunja vidonge vya udongo, chembe laini zinaelea, kisha zinajipanga kwenye matundu na kuyaziba. Jua likitoka, safu hiyo ya milimita chache inakauka ikawa kama kigae. Mvua inayofuata inateleza juu yake, na mche unaochipua chini yake unajikunja ukitafuta upenyo mpaka unachoka.

Unaweza kuliona jambo hili likitendeka ndani ya glasi. Chukua donge kavu la ukubwa wa gololi kutoka juu ya shamba, na jingine kutoka chini ya mti au kwenye mpaka usiolimwa. Yaweke kwenye glasi mbili za maji masafi, bila kukoroga. Hewa itaanza kutoka kwa vipovu vidogo. Donge la shamba lililochoka hulegea pembeni, likadondosha vumbi, na ndani ya dakika chache linakuwa uji chini ya glasi, maji juu yake yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Donge la mpakani hubaki limejishikilia, maji yakibaki masafi. Kinacholishikilia ni gundi ya mizizi, ya kuvu na ya mboji. Hiyo gundi ndiyo inayoupa udongo nguvu ya kustahimili nyundo ya mvua, na ndiyo inayopungua shamba likikaa tupu misimu mfululizo.

Sababu ya pili huwashangaza wengi: udongo unaweza kuchukia maji. Majani na mabaki fulani yana nta, na ukavu mrefu, hasa kwenye kichanga, huacha nta hiyo imezifunika chembe. Dondosha tone la maji juu ya udongo mkavu na uhesabu. Likinywewa mara moja, hakuna tatizo. Likikaa kama shanga zaidi ya sekunde 5, udongo huo unasukuma maji. Mvua ndogo za mfululizo humaliza hali hiyo taratibu. Mvua moja kubwa hupita juu na kuondoka.

Mfinyanzi una tabia yake. Ukikauka hupasuka, na mvua kubwa huingia kwa kasi kwenye nyufa ikalowanisha chini, huku madonge ya katikati, yaani pale mbegu itakapokaa, yakibaki makavu. Anayetazama nyufa zikinywa maji anadhani shamba limeshiba. Chimba katikati ya donge, si kwenye ufa, ndipo uamue.

Halafu kuna ugumu ulioletwa na miguu na magurudumu. Mifugo ikizunguka kwenye shamba tupu lililolowa baada ya mvua ya kwanza hulibana kuliko ilivyolibana wakati wote wa kiangazi, kwa kuwa udongo wenye unyevu hushindiliwa kirahisi zaidi kuliko mkavu. Wiki mbili za kwanza za mvua ndizo za kuzuia mifugo na matrekta. Wengi hufanya kinyume chake.

Kipimo cha kopo

Kuna kipimo kinachojibu kwa dakika kama mlango umefunguka. Tafuta kopo au bomba lenye kipenyo cha sentimita 15, lililo wazi juu na chini. Likandamize ardhini hadi sentimita 5 ziwe zimezama. Tandika mfuko wa plastiki ndani yake, mimina mililita 440 za maji, kisha uvute mfuko pole pole ili maji yasiuchimbe udongo. Kiasi hicho, kwenye kopo hilo, ni sawa na mvua ya milimita 25. Anza kuhesabu muda mpaka juu ya udongo pabaki unyevu tu bila maji yanayong'aa.

Rudia papo hapo kwa maji mengine mililita 440. Namba ya pili ndiyo ya kuamini, kwa kuwa udongo mkavu huvuta maji ya kwanza kwa pupa hata kama chini ni pagumu. Dakika chache ni dalili njema. Maji yakiwa bado yamesimama baada ya saa nzima, mvua ya kasi itakimbia. Fanya hivyo sehemu tatu au nne: penye kipara, penye mazao, karibu na mti. Tofauti kati ya sehemu hizo itakuonyesha shamba lako linaweza kufika wapi, kwa sababu ule udongo wa chini ya mti ulikuwa udongo uleule.

Kijani cha wiki ya kwanza

Baada ya mvua ya kwanza, magugu na nyasi huibuka na rangi nzito, kana kwamba kuna mtu aliyepita usiku na mbolea. Watu husema ardhi ilikuwa imepumzika. Maelezo yake ni mazuri zaidi ya hapo, na yaliandikwa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa hutoa naitrojeni, kirutubisho kinachoyapa majani rangi ya kijani, kwa mkupuo mkubwa. Duniani kote wataalamu wanaliita jambo hilo kwa jina lake.

Kinachotokea ni hiki. Wakati wa ukavu, vijidudu vingi vya udongoni hufa, na vinavyobaki hujilinda kwa kujaza miili yao kemikali zinazoshikilia maji. Maji yakirudi ghafla, vingine hupasuka na vingine hutapika akiba hiyo. Mabaki ya viumbe na mboji iliyokuwa imefungiwa ndani ya vidonge vya udongo yanakuwa chakula cha walionusurika, nao wanakula, wanazaana, na naitrojeni inabaki ya kuchukuliwa na mizizi. Mkupuo huo ni wa siku hadi wiki chache.

Tatizo ni kwamba naitrojeni hiyo huyeyuka na kusafiri na maji. Shamba likiwa tupu, mvua ya tatu au ya nne inaishusha chini ya mizizi. Mkulima yuko kati ya mambo mawili: akipanda kwa haraka, mbegu zinaweza kufa kama mvua ile ilikuwa ya udanganyifu, akichelewa, zawadi ya udongo inapotea. Jibu la kati lipo, nalo ni magugu yenyewe. Yale yanayoota siku za mwanzo yanaishika naitrojeni badala yako. Yaache kwa siku 10 hadi 14, kisha uyaparue yakiwa machanga, kabla ya kutoa maua, na kuyalaza hapohapo juu ya udongo. Yataoza upesi na kurudisha yalichokishika. Ukiyachelewesha yanaanza kunywa maji ya mazao. Ukiyaondoa na kuyatupa pembeni, umeitupa mbolea.

Ni siku gani ya kupanda?

Usiangalie anga, chimba. Shimo la sentimita 40 kwa sepetu linatosha. Bana udongo kwa kiganja kila baada ya sentimita 10. Ukishikamana ukawa donge linaloacha alama ya vidole, hapo pana unyevu. Ukimomonyoka kama unga, hapo pakavu. Kwa tifutifu, ukikuta unyevu usiokatika hadi sentimita 30, mche unaweza kuvumilia siku kadhaa za jua. Unyevu ukiishia sentimita 10, kilicho chini ya mbegu ni tanuri. Nondo nyembamba isiyo na ncha kali husaidia pia: inazama kirahisi palipolowa na kugota palipo pakavu.

Mbegu nazo zimepitia ukame. Zilizokaa ghalani kwenye joto misimu miwili zinaweza kuonekana nzima na zisiote. Panga mbegu 100 bila kuchagua kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka kivulini, na udumishe unyevu bila kuzizamisha. Baada ya siku 7 hesabu zilizotoa mzizi na chipukizi vyenye afya. Zikiwa 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 60, ongeza mbegu kwa uwiano huo: panapohitajika miche 60, panda mbegu 100. Zikishuka chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine, kwa sababu hata zinazoota zitakuwa dhaifu.

Na usimalize mbegu zote siku moja. Gawa mafungu mawili au matatu, kila fungu na mvua yake. Msimu wa kwanza baada ya ukame si wa kujaribu mavuno makubwa: tangi la udongo halijajaa, na miche iliyosongamana italimaliza kabla ya maua. Punguza idadi ya miche kwa eneo. Mazao ya muda mfupi yana nafasi nzuri hapo. Kuna aina za kunde zinazokomaa kwa siku 60 hadi 75, zinafunika ardhi mapema, na mizizi yake huishi na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani.

Kuhusu mbolea, wengi huamini kwamba ukame umeinyonya ardhi, kwa hiyo waongeze maradufu. Zao lililokauka likiwa changa halikula kitu. Fosforasi na potasiamu ulizoweka msimu ulioharibika kwa kiasi kikubwa ziko palepale, hasa kama mabaki ya mazao hayakuondolewa. Kinachoweza kukosekana ni njia ya kuzifikia. Mazao mengi huishi na kuvu wanaoingia kwenye mizizi na kutandaza nyuzi zao mbali, wakileta fosforasi na zinki. Kuvu hao wanahitaji mizizi hai. Ardhi ikikaa mwaka au zaidi bila mmea, wanapungua, na zao linalofuata hudumaa na kuwa na rangi ya zambarau au mistari ya manjano hata kama kipimo cha maabara kinaonyesha virutubisho vipo. Wakulima wa Australia wanaijua hali hiyo vizuri, kwa kuwa huacha mashamba yao yapumzike muda mrefu kungoja maji. Kinga yake ni kuanza na zao linalowakaribisha kuvu, kama kunde, mtama au alizeti, na kuiacha kabichi na ndugu zake zije baadaye, kwani jamii hiyo haiishi nao.

Palipokuwa pagumu kama saruji

Kuna vipara ambavyo mvua pekee haitaviponya. Hapo ndipo mbinu ya vishimo inapong'aa. Kaskazini mwa Burkina Faso, katika eneo la Yatenga, wakulima waliifufua na kuiboresha desturi ya zamani ya kuchimba vishimo, inayoitwa zai, baada ya ukame mkali wa miaka ya 1970 na 1980. Yacouba Sawadogo, aliyepata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na kufariki mwaka 2023, alipanua vishimo hivyo, akaweka samadi ndani yake, na kuligeuza pori la udongo mgumu kuwa mashamba na msitu.

Vipimo vyake ni hivi. Kipenyo sentimita 20 hadi 40, kina sentimita 10 hadi 20, umbali wa sentimita 60 hadi 80 kutoka kimoja hadi kingine, safu zikipishana ili maji yanayovuka kimoja yaangukie cha safu ya chini. Udongo unaochimbwa unawekwa upande wa bondeni kama mdomo wa kishimo. Ndani weka konzi mbili za samadi iliyooza vizuri au mboji, kiasi cha gramu 300 hivi, kisha funika na udongo kidogo. Kwa hekta moja huwa vishimo kati ya 12,000 na 25,000, kutegemea nafasi, na kazi hiyo ni mamia ya saa. Inafanyika kiangazi, kabla ya mvua, mikono ikiwa na nafasi. Hakuna haja ya kuanza na hekta nzima. Kipara kimoja kwa msimu ni hatua ya kweli.

Wanaofanya kazi nyingi zaidi ndani ya vishimo ni mchwa. Samadi inawavuta, nao wanachimba njia zinazoshuka chini ya gamba gumu, na maji yanazifuata njia hizo. Anayepulizia dawa ya mchwa kwenye vishimo anawafukuza vibarua wake.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Samadi mbichi huunguza miche. Vishimo kwenye bonde au mfinyanzi usiopitisha maji hugeuka madimbwi, na mizizi hukosa hewa. Vikichimbwa kwenye mteremko bila kizuizi juu yake, maji ya kasi huvijaza mchanga kwa mvua moja. Kizuizi hicho kinaweza kuwa mstari wa mawe unaofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kuukata mteremko. Mawe hayazuii maji kabisa. Yanayapunguza mwendo, yakaacha tope na majani nyuma yake. Mstari ukikosea usawa hata kidogo, maji yote yatakimbilia sehemu ya chini na kuchimba korongo. Tumia fremu ya miti mitatu yenye umbo la A na kamba yenye jiwe inayoning'inia, na uhakiki kila hatua.

Matandazo, jembe na moto

Dawa ya gamba ni kufunika, na hapa ndipo desturi ya kusafisha shamba inapoleta hasara kubwa. Mabaki ya mazao yakichomwa, shamba linaonekana nadhifu, majivu yanatoa virutubisho kidogo kwa muda, na naitrojeni karibu yote inapanda na moshi. Kibaya zaidi, udongo unabaki uchi siku ileile nyundo za mvua zinapoanza.

Ili ujue umefunika kiasi gani, funga mafundo 100 kwenye kamba kwa umbali sawa, ivute kimshazari shambani, na uhesabu mafundo yaliyoangukia juu ya mabaki. Mafundo 30 maana yake ni asilimia 30, na kiasi hicho kinatosha kupunguza mmomonyoko kwa zaidi ya nusu. Zaidi ya hapo ni bora, ila tahadhari: mabua makavu matupu yakichanganywa ndani ya udongo huwafanya vijidudu wakope naitrojeni ya zao ili kuyaozesha, na miche hugeuka manjano. Yakiachwa juu, shida hiyo ni ndogo sana.

Kulima kwa kina mara mvua inaporudi ni kosa linaloeleweka, kwa sababu jembe hulivunja gamba na maji yanaingia siku hiyo. Mvua mbili baadaye gamba limerudi, na gundi iliyokuwa imebaki imesagwa. Historia ina mfano wake mkubwa. Katika nyanda za kati za Marekani, mbuga za nyasi zenye mizizi mirefu ziligeuzwa kwa plau. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, udongo uliokosa mizizi ukapeperuka. Dhoruba ya vumbi ya tarehe 14 Aprili 1935 iligeuza mchana kuwa giza, na tarehe 27 mwezi huohuo sheria ya hifadhi ya udongo ikatiwa saini, ikiunda idara ya kitaifa iliyoongozwa na Hugh Hammond Bennett. Ukame wenyewe haukutosha kuleta vumbi lile. Udongo ulikuwa umevuliwa nguo kabla. Panapohitajika kupasuliwa, pasua mstari wa kupandia tu, udongo ukiwa mkavu, na uache katikati ya mistari.

Kisiki ambacho hakijafa

Kipara chenye visiki vilivyokatwa mara nyingi kina msitu chini yake. Mizizi ya miti ya zamani iko hai, na kila mwaka inatoa machipukizi ambayo hukatwa au kuliwa na mbuzi. Nchini Tanzania mbinu ya kuyalea inaitwa kisiki hai. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka kwenye kisiki, kata mengine, na uondoe matawi ya pembeni ya yale uliyoyaacha hadi nusu ya urefu wake. Matawi hayo yawe matandazo. Rudi kila miezi michache. Kwa kuwa mizizi imeshakua, mti unapanda kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauiwezi.

Niger ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa jambo hili. Kuanzia mwaka 1983 katika eneo la Maradi, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, pamoja na wakulima wa huko, walianza kulea visiki badala ya kupanda miche iliyokuwa ikifa. Mbinu ikasambaa kutoka shamba hadi shamba, na inakadiriwa kwamba imerudisha miti takriban milioni 200 kwenye hekta karibu milioni 5.

Hofu kwamba miti itayanywa maji ya mazao ina ukweli ndani yake. Miti iliyosongamana, au ile inayonywa sana, hushindana na mazao. Miti michache iliyopunguzwa matawi hupunguza upepo na joto, hudondosha majani, na mizizi yake hufungua njia za maji kushuka. Kinachoamua ni aina, idadi na kupogoa.

Malisho na hatari zake

Nyasi mpya zikichomoza, mifugo yenye njaa haiwezi kusubiri, na wenye mifugo wanateseka kuitazama. Lakini jani la kwanza la nyasi linatengenezwa kwa akiba ya mzizi. Likiliwa mapema, mzizi unatoa akiba ya pili, na ya tatu haipo. Chimbua shina moja la nyasi uangalie: mizizi myeupe na kitako kigumu chenye unyevu vina maana liko hai na litapona likipumzishwa. Kitako kikivunjika kama kijiti kikavu, hapo patahitaji mbegu. Baadaye, kula nusu ya jani acha nusu ni kanuni nzuri.

Kuna hatari za kuua haraka. Mtama unaochipua upya baada ya ukame hutengeneza sumu ya sianidi. Usilishe ukiwa chini ya sentimita 45 hadi 60. Mtama, mahindi na baadhi ya magugu yaliyodumaa hulimbikiza naitreti, ambayo nayo ni sumu kwa mifugo, zaidi sehemu ya chini ya bua. Kukausha hupunguza sianidi lakini hakuondoi naitreti. Usiwaachie wanyama wenye njaa kwenye malisho hayo. Washibishe kwanza nyasi kavu, na uwazoeshe chakula kipya kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kondoo na mbuzi wanaohamia ghafla kwenye majani laini hufa pia kwa ugonjwa wa bakteria wa utumboni, na chanjo yake ipo.

Kwenye mazao, milipuko ya viwavijeshi hufuata mara nyingi mvua zinazovunja ukame. Kagua chini ya majani jioni na alfajiri katika wiki za mwanzo, kwani viwavi wakiwa wadogo hudhibitika, na wakikua humaliza shamba kwa siku chache.

Mashamba ya umwagiliaji yana jambo lao la ziada, chumvi. Maji yalivukizwa, chumvi ikabaki, na unga mweupe ukaonekana juu ya matuta. Kusafisha sentimita 30 za juu kunahitaji maji mazuri ya kina cha sentimita 15 yapite kushuka chini ili kuondoa karibu nusu ya chumvi, na sentimita 30 ili kuondoa kama asilimia 80. Pasipo mfereji wa kutolea maji hayo, chumvi itapanda tena. Na kama udongo umekuwa mgumu wenye kuteleza kwa sababu ya sodiamu, maji peke yake huzidisha ugumu; hapo inahitajika jasi (madini yenye kalsiamu) kwanza, kwa kiasi kinachotokana na kipimo cha maabara.

Mwaka unaofuata, wiki ileile ya msimu, lirudishe kopo pale pale ulipolizamisha. Weka kijiti cha alama leo ili usipapoteze. Mimina mililita 440, mara mbili, na uandike dakika kwenye daftari lilelile. Kama saa nzima imekuwa dakika 40, udongo huo unapokea mvua ambayo mwaka jana ilikuwa inaishia korongoni, hata kama mavuno bado hayajaonyesha. Chimba pembeni ya kopo kidogo. Ukikuta mzizi mweupe umepita mahali palipokuwa gamba, fuata njia yake kwa kidole uone umefika wapi.